Mwili Wako Ndio Injini ya Kwanza: Kwa Anayeanza Kazi ya Lori

Juma lililopita tulizungumza juu ya kutibu maji ya kunywa nyumbani, na ninawashukuru nyote mlioniandikia. Miongoni mwa jumbe hizo ulikuwapo mmoja ambao haukuhusu maji hata kidogo. Kijana mmoja aliandika hivi: "Sista, nimepata leseni ya lori baada ya kuwa tanboi kwa miaka mitatu. Mwezi ujao naanza kazi ya masafa marefu kutoka Mombasa. Mjomba wangu alikuwa dereva na alikufa akiwa usukanini. Mama hataki kusikia habari ya lori. Nimwambie nini?"

Ndugu yangu uliyeandika, ujumbe wako nimekaa nao juma zima. Leo kipindi chote ni chako, na ni cha kila kijana, mwanamume kwa mwanamke, anayetaka kula jasho lake kupitia usukani. La mama nitalijibu mwishoni. Kwanza tuzungumze mimi na wewe.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, nimefanya kazi miaka kadhaa katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu, na naomba ruhusa nibishane na wahenga kidogo. Ajali nyingi nilizozipokea pale mlangoni zilikuwa na kinga. Zilianza saa nyingi kabla ya breki kulia. Zilianza pale dereva alipokosa usingizi, alipokosa chakula cha maana, au alipoogopa kumwambia tajiri wake neno moja tu: nimechoka. Kwa hiyo ukiniuliza kifaa cha kwanza cha lori ni kipi, sitakuambia ni breki wala magurudumu. Ni mwili wako wewe. Huo ndio injini ya kwanza, na hauna spea dukani.

Kabla ya kushika usukani

Hapa kwetu wengi huingia kazi hii kama ulivyoingia wewe, kwa kuanza kama tanboi, au utingo kama wanavyosema jirani zetu wa Tanzania. Ni shule nzuri. Unajifunza njia, unajifunza kufunga turubai, kubadilisha gurudumu na kuongea vizuri na watu wa mizani. Lakini shule hiyo ina hatari moja. Tanboi hurithi tabia za dereva wake, nzuri na mbaya. Ukifundishwa na mtu anayelala saa mbili kwa siku na kutafuna miraa usiku kucha, utadhani hivyo ndivyo udereva ulivyo. Sivyo. Chukua ujuzi wake, tabia hiyo mwachie mwenyewe.

Kuhusu leseni, unajua kwamba NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, huzigawa kwa madaraja. Lori dogo ni C1, lori la kati ni C, na lori kubwa lenye trela ni CE. Madaraja haya hupandwa kama ngazi, kwa umri na kwa uzoefu. Akitokea mtu wa kukupa trela wakati leseni yako ni ya lori dogo, akakuambia "askari nitaongea nao mimi", mkatalie. Siku ya ajali hutamwona akiongea na mtu, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa.

Sasa, kabla ya safari ya kwanza, pitia kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe. Usingoje kuugua. Omba upimwe mambo haya:

Macho. Usiku barabara haina huruma kwa mtu asiyeona mbali. Kama umepewa miwani, ivae. Miwani iliyo mfukoni haioni.

Presha, yaani shinikizo la damu. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, unahitaji matibabu hata kama hujisikii vibaya. Presha haipigi honi.

Sukari katika damu, hasa kama una kitambi au kuna mtu wa kisukari katika ukoo wenu.

Mwambie pia mhudumu ukweli kama umewahi kupata kifafa au kuzirai, na kama watu wa nyumbani husema unakoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala saa nane na bado akaamka mchovu, kisha akasinzia mchana akiwa usukanini. Tatizo hili lina matibabu, lakini ni lazima liwe limesemwa.

Hesabu ambayo kila dereva aijue

Chukua kalamu, ndugu yangu, tufanye hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Kutoka Nairobi, upitie Naivasha, Nakuru, Salgaa na Webuye hadi mpakani Malaba, ni zaidi ya kilomita 400 nyingine. Jumla ni kilomita 900 na ushei. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa lori ni kilomita 80 kwa saa, lakini kuna mizani, kuna vilima, kuna foleni ya Mlolongo. Tuseme wastani wako ni kilomita 50 kwa saa. Gawanya 900 kwa 50. Unapata saa 18 za kushika usukani.

Sasa sikiliza sheria inasemaje. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane kwa jumla katika kila saa 24. Saa 18 kwa saa nane kwa siku, hizo ni siku tatu. Siku tatu, ndugu yangu, si usiku mmoja na mchana mmoja. Kwa hiyo mtu akikuambia mzigo umetoka bandarini leo na ni lazima uwe Malaba kesho asubuhi, na wewe ndiwe dereva pekee, hajakupa kazi. Amekuomba uvunje sheria na uweke roho yako rehani.

Kwa nini saa nane? Kwa sababu mwili una saa yake ndani. Ukikaa macho saa 17 mfululizo, uwezo wako wa kuamua na kukanyaga breki kwa haraka hupungua kama wa mtu aliyekunywa pombe, hata kama wewe ni mlokole na hujawahi kuonja chupa. Tena kuna nyakati mbili ambapo usingizi huja kwa nguvu. Ya kwanza ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ya pili ni alasiri, baada ya chakula cha mchana. Panga safari zako uwe umeegesha saa hizo za usiku.

Kuna usingizi mwingine mdogo ambao dereva hata haujui. Macho yako wazi au yamefumba kidogo tu, lakini ubongo umelala kwa sekunde tatu au nne. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, lori hukata mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde nne umekwenda karibu mita 90. Ni karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira, na hakuna mtu usukanini.

Dalili zake ni hizi: kupiga miayo mfululizo, kope kuwa nzito, kutokumbuka kilomita chache zilizopita, kuyumba nje ya mstari, na kushtuka mbele ya tuta uliloshindwa kuliona. Ukiona moja kati ya hizo, kufungua dirisha hakutakusaidia, wala kuongeza sauti ya redio, hata kama ni redio yetu hii. Tafuta mahali salama penye taa na malori mengine, egesha, ulale. Hata dakika 20 zitakufikisha kwenye kituo cha mbele, lakini haziwi badala ya usingizi wa usiku.

Kisa cha kijana aliyetaka dawa

Niwasimulie kisa kimoja. Nilikuwa zamu ya usiku. Ilikuwa yapata saa saba, akaingia kijana wa miaka kama 27. Lori lake ameliacha mbele ya lango, injini inanguruma. Macho mekundu kama pilipili, mikono inatetemeka. Akaniambia, "Sista, nipe dawa ya kutolala. Lazima nifike Malaba asubuhi." Alikuwa mwezi wa kwanza kazini. Usukani ameushika tangu alfajiri iliyopita, na tumboni hakuwa na kitu ila soda, miraa na mandazi mawili. Nikampima presha, nikakuta 160 kwa 100.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, dawa ya usingizi ni usingizi. Nyingine sina." Simu yake ikawa inalia tu. Ni tajiri. Nikaomba niongee naye. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Mimi ni muuguzi. Kijana wako presha iko juu na hajalala. Akiendelea usiku huu anaweza kuua na kufa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwambie aache funguo. Madereva ni wengi."

Kijana alilala ndani ya kebini hadi saa tatu asubuhi, mlinzi wetu akimwangalizia mzigo. Sitakudanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Kazi ile aliipoteza juma hilo hilo. Alikaa nyumbani miezi miwili, na mimi nilikuwa nikijiuliza kama nilimponya au nilimnyang'anya chakula. Baadaye alipata kazi kwingine, mahali ambapo safari ndefu hupewa madereva wawili na ratiba huandikwa. Siku moja alipita pale kituoni akiwa na tanboi wake. Presha yake ilikuwa imeshuka. Akaniambia, "Sista, mpime na huyu. Anataka kuwa dereva."

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu sitaki udhani neno "nimechoka" ni la bure. Lina bei. Kwa hiyo jiandae kuilipa. Tangu mshahara wa kwanza, weka akiba kidogo kidogo hadi ufikishe matumizi ya mwezi mmoja au miwili ya nyumba yako. Mtu mwenye akiba anaweza kusema hapana. Mtu mwenye njaa husema ndiyo kwa kila kitu, na barabara haijali ulisema ndiyo kwa sababu gani. Akiba hiyo ni sehemu ya afya yako kama vile chanjo.

Miraa, vidonge na pombe

Wengi watakuambia kwamba bila miraa hakuna safari ya usiku. Miraa haiondoi uchovu, huuficha tu. Ni kama dereva aliyeona taa nyekundu ya onyo kwenye dashibodi akaifunika kwa kitambaa. Taa huioni, lakini injini inaungua. Miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, huondoa hamu ya kula, huleta tumbo gumu, na ikiisha nguvu usingizi hukuangukia wote kwa mkupuo. Vidonge vya kukesha vinavyouzwa kwa siri ni vibaya zaidi, maana hata hujui umemeza nini.

Pombe usiiguse kabla ya safari wala usiku wa kuamkia safari. Na ukiwa kituoni, usikiache kinywaji chako mezani ukaenda msalani kisha ukarudi kukinywa. Unajua habari ya kuwekewa mchele. Wapo madereva walioamka kesho yake bila simu, bila pesa na bila mzigo, na wapo ambao hawakuamka. Kama miraa, pombe au kitu kingine kimekushika na unataka kuacha, piga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.

Chakula, maji na mgongo

Dereva hukaa siku nzima, lakini hula kama mtu aliyelima shamba. Chipsi, nyama choma, ugali mlima, soda mbili. Baada ya miaka mitano kitambi kinagusa usukani, presha na sukari zimeingia. Kula ugali wako, hakuna anayekukataza, lakini ongeza sukuma wiki, maharagwe au ndengu, na punguza mafuta na chumvi. Ukipita Makueni, machungwa na maembe yanauzwa kando ya njia kwa msimu. Nunua ya safari. Chakula kizito kabla ya kuendesha huleta usingizi, kwa hiyo kula kidogo kidogo mara nyingi.

Madereva wengi hawanywi maji kwa kuogopa kusimama kukojoa. Matokeo yake ni maumivu ya kibofu na mawe kwenye figo. Beba maji safi, na ujipime kwa rangi ya mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani makavu kidogo, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, unakauka. Na mkojo ukikubana, simama mahali salama ukajisaidie.

Kila baada ya saa mbili, egesha, shuka, zunguka lori kwa miguu. Utakagua magurudumu na wakati huo huo damu itatembea miguuni. Kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu kunaweza kufanya damu igande kwenye mishipa. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mgongo, kunja taulo uiweke nyuma ya kiuno unapoendesha, na unapoinua gurudumu, kunja magoti, usikunje mgongo.

Jambo moja la kuokoa maisha: usiwashe jiko la makaa ndani ya kebini iliyofungwa, hata baridi ya usiku iwe kali namna gani. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulala akiota moto na haamki.

Homa na mipaka

Lori hukutoa mahali pasipo na mbu wengi likakulaza mahali penye malaria mwaka mzima, kama vile Busia na maeneo ya ziwa. Kama umezaliwa nyanda za juu, mwili wako haujaizoea. Nunua chandarua cha kutosha kebini. Ukipata homa, pimwa ndani ya saa 24, usinunue dawa kwa kubahatisha.

Kama utavuka kwenda Uganda, Kongo au mbele zaidi, chanjwa homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya safari, na utunze kile cheti cha manjano pamoja na pasipoti. Tangu mwaka 2016, kanuni za kimataifa zinasema sindano moja hutosha kwa maisha yote, kwa hiyo usipoteze cheti. Ukiwa kwa mhudumu, uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B.

Magonjwa ya mlipuko hufuata barabara. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kule Malaba, madereva wakingoja majibu ya vipimo kwa siku kadhaa. Mwaka 2024 ugonjwa wa mpox uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini kwetu, kwa msafiri aliyepita mpaka wa Taveta. Ukipata homa pamoja na vipele au malengelenge, jitenge na ufike kituo cha afya. Na kila safari beba maji, chakula kikavu na dawa zako za siku kadhaa za ziada, maana mpaka hauna ratiba.

Ukimwi, tuuzungumze bila aibu

Kwa miaka mingi watu wamewanyooshea madereva kidole kuhusu Ukimwi. Lori haliambukizi mtu. Kinacholeta hatari ni upweke, usiku mrefu, pesa mfukoni na kutokuwa na kinga. Kwa hiyo tuzungumze kama watu wazima. Kama una mke au mume, uaminifu ni kinga. Kama utakutana na mtu mwingine, tumia kondomu kila mara, nawe uwe nayo kabla ya kuihitaji.

Siku hizi kuna msaada ambao mjomba wako pengine hakuupata. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, PrEP, ambazo zimekuwa zikitolewa nchini tangu mwaka 2017 kwa watu walio katika hatari. Kuna dawa za dharura, PEP, ambazo huanzwa ndani ya saa 72 baada ya tukio, na mapema ni bora zaidi, kisha humezwa kwa siku 28. Na ukipimwa ukakutwa na virusi, bado unaweza kuendesha lori hadi uzeeni. Meza dawa zako kila siku. Virusi vikipungua hadi visionekane kwenye kipimo, huwezi kumwambukiza mwenzi wako kwa kujamiiana. Mwambie mhudumu wako kwamba wewe ni mtu wa safari, ili akupangie dawa za miezi kadhaa. Usiache dozi nyumbani kwa sababu ya kuona haya mbele ya tanboi.

Mteremko na mafuta

Mambo mawili ya barabarani siwezi kuyaacha, kwa sababu huishia wodini. La kwanza ni mteremko. Ukikaribia miteremko kama ile ya Salgaa, punguza mwendo mapema na uingize gia nzito, injini ikusaidie kushika lori. Wapo wanaotoa gia na kuacha lori liteleze lenyewe ili waokoe mafuta. Breki zikipata moto hazishiki tena, na lori lenye tani 50 halisikii dua. Juni 30, 2023, pale makutano ya Londiani, trela liliacha barabara likawaingia wachuuzi na wasafiri, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Kila unapopita penye soko kando ya njia, wakumbuke.

La pili ni mafuta. Ukiendesha tangi na likaanguka, kazi yako ya kwanza ukiwa na uwezo ni kuwafukuza watu. Januari 31, 2009, kule Sachangwan, watu walikimbilia kuchota petroli ya lori lililoanguka, moto ukawaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Piga simu 999 au 112, zuia sigara na jiko lolote, weka pembetatu za onyo mbali, na usimruhusu hata ndugu yako kuja na mtungi.

Karatasi za kukulinda

Kabla ya kuanza kazi, omba mkataba ulioandikwa. Uliza mambo matatu. Je, saa za kupumzika zimeandikwa? Je, mwajiri ana bima chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007? Je, michango yako inapelekwa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024? Usione haya kuuliza. Na usibaki kwa kuambiwa tu, hakikisha mwenyewe kwamba umesajiliwa pamoja na wategemezi wako.

Sasa, umwambie mama nini?

Ndugu yangu, nimerudi kwa swali lako. Mama yako haogopi lori. Anaogopa simu ya usiku. Alimzika ndugu yake, na hataki kukuzika wewe. Kwa hiyo usimwambie "usijali, Mungu yupo". Hilo analijua kuliko wewe. Chukua karatasi, mwandikie majina ya mahali utakapolala: usiku wa kwanza Mtito Andei, wa pili Nakuru, na kadhalika. Mwambie, "Mama, nikifika hapa nitaegesha, nitakupigia, kisha nitalala." Halafu ufanye hivyo hasa. Akipokea simu hiyo mara kumi, ataanza kulala na yeye.

Kabla hatujaagana, mambo ya kukumbuka:

1. Pimwa macho, presha na sukari kabla ya kuanza kazi, kisha presha kila miezi sita.
2. Usizidishe saa nane za usukani katika saa 24, na uwe umeegesha kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri.
3. Miraa huficha uchovu, haiuondoi.
4. Shuka kila baada ya saa mbili, kunywa maji, kula mboga na matunda.
5. Beba chandarua, cheti cha homa ya manjano, kondomu na dawa zako za ziada.
6. Weka akiba, ili uweze kusema "nimechoka" bila kuogopa njaa.

Na wewe tajiri wa malori unayenisikiliza ofisini, dereva aliyelala hukuletea mzigo mzima na lori zima. Jifunze kulisikia neno lile.

Kama una swali, liandike ututumie, au muulize mhudumu wa afya wa jamii wa kijijini kwenu. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kumtunza mama aliyejifungua. Hadi wakati huo, mimi ni muuguzi wako, nakutakia afya njema na safari njema. Kwaheri.